Ridhaa ya Chumba cha Mbele

Kikwajuni, Unguja
6 Oktoba 2024

Mjomba Vuai,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku wazima. Mama hajambo ila goti la kulia linamsumbua, na mwenyewe anasema si uzee, ni goti tu limezeeka peke yake bila ya kumuuliza. Anakusalimu sana. Anataka kujua kama chai bado unatia sukari vijiko vinne.

Nakuandikia karatasi kwa sababu simu ya picha hupokei, na ya sauti kila nikipiga uko kazini. Tena jambo lenyewe linataka karatasi. Yule fundi redio aliyepanga chumba cha mbele kahamia Pemba kwa mwanawe, na chumba kiko tupu. Huku uani, upande wetu, bati zimeoza. Vuli hii tutaweka ndoo tu, lakini fundi kapanda kaangalia, kasema zisipobadilishwa kabla ya masika dari itamshukia Mama kitandani.

Nimepata mtu wa kupanga. Mwalimu kutoka Wete, kahamishiwa skuli ya hapa, mpole, na yuko tayari kulipa kodi ya mwaka mzima kwa mpigo. Kodi hiyo ndiyo bati zetu. Ila unajua mirathi ya babu ilivyogawiwa: upande wa mbele ni wako, wa uani ni wa Mama. Sheha wa mtaa hapigi muhuri mkataba mpaka aone ridhaa yako kwa maandishi na saini. Mama naye nimemwambia basi hamia cha mbele mpaka mvua zipite, kakataa. Kasema chumba cha Vuai haingii mtu bila ya Vuai kusema.

Kwa hiyo niandikie mstari mmoja tu, kuwa umeridhia kipangishwe. Na kwa kuwa wewe ni mwenye nyumba wa miaka mingi huko, kama una ushauri nipe. Haya mambo alikuwa akiyashika Mama, mimi ndiyo kwanza naanza.

Mpwa wako,
Thuwaiba


Stratford, London
10 Novemba 2024

Kwa mpwa wangu Thuwaiba, mboni ya jicho langu,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimekaa na ya pili nimesimama, maana mambo ya nyumba hayasomwi kwa kukaa tu. Mimi mzima wa chuma. Baridi imeingia lakini mimi na baridi tunaheshimiana. Mwaka jana ilikuja mpaka mlangoni kwangu, ikaniona, ikapita kwa jirani, na jirani akalazwa. Mwambie dada vijiko sasa vitano, sukari ya huku haina nguvu.

Umefanya la maana kuniuliza mimi. Hapa Stratford ukimtaja Vuai mtu anakuuliza, Vuai yupi, yule wa nyumba? Pravin unamsikia, yule Mhindi mtoto wa Darajani, baba yake akiuza vitambaa. Ana nyumba tatu kule Harrow, lakini mkataba hasaini mpaka anipigie. "Vuai bwana, huyu mtu nimtie nyumbani nisimtie?" Namwambia mtie. Namwambia usimtie. Ndivyo tunavyokwenda.

Sasa sikiliza. Mtu akija kutaka chumba, usimuulize habari zake yule mwenye nyumba anakokaa sasa. Huyo atamsifu mpaka utalia, maana anataka aondoke. Mtafute mwenye nyumba wa kabla ya huyo. Yeye hana cha kupata wala cha kuogopa, atakwambia kweli. Hili watu wengi hapa hawalijui na wana shahada.

Halafu mimi nina njia yangu ambayo hata kaunsili, serikali ya mtaa ya huku, hawajaigundua. Kabla sijampa mtu ufunguo, nampelekea sahani ya chakula kulekule anakokaa. Pilau, au hata mihogo ya nazi. Namwachia, naondoka, nangoja sahani irudi. Ikirudi imeoshwa na juu yake pana kitu, hata ndizi mbili, huyo mtie. Ikirudi safi lakini tupu, mtie ila mwandikie mkataba mrefu. Isiporudi, umepoteza sahani, umeponya nyumba. Mpangaji wangu Anselme, Mkongo, analinda maghala, yeye sahani yangu ilirudi na samaki juu yake, samaki mkubwa kuliko sahani, mkia unaburura ngazini. Nikampa ufunguo palepale. Na huyu kijana wa Kenya, Kibet, anasomea unesi, sahani yake ilirudi na kipande cha sabuni. Nikafikiri ananitukana. Nikamuuliza, "Kijana, hii maana yake nini?" Akanambia, "Mzee, ndicho kitu kipya nilichokuwa nacho." Wallahi nilimpa chumba changu mwenyewe, kile cha juu chenye dirisha la barabarani. Mimi nimeshuka ukumbini. Kibiashara ndiyo akili. Mwenye nyumba akilala chumba kizuri anakula faida yake mwenyewe. Benki wamepandisha riba ya mkopo wa nyumba mara mbili, nikawacheka.

Siku anayoingia, piga chumba picha, kuta zote nne, dari, sakafu, kitasa, swichi. Zichapishe, mtie saini nyote wawili nyuma ya kila picha. Siku anatoka akikwambia ufa ulikuwepo, mnazungumza na picha, hamzungumzi nyinyi. Depoziti, ile amana ya mpangaji, usiile. Hapa sheria inataka uipeleke mahali maalumu ndani ya mwezi ikalindwe, nawe huko fanya hivyohivyo, mpe hata sheha akutunzie. Kodi ya mwaka kwa mpigo pia tahadhari nayo. Ikishaliwa, miezi iliyobaki wewe ndiye mtumishi. Taa ikikatika, "Mwenye nyumba!" Panya akipita, "Mwenye nyumba!" Na huna la kumjibu, kwa kuwa kesha kulipa.

Huyo mwalimu sina ubaya naye. Lakini walimu wana chaki. Mimi hapa nilikaa na mwalimu, chaki ya nguo zake ikajaa kuta, nikaja kupaka rangi na rangi ikagoma, kila ukiipaka inaandika hesabu. Kwa hiyo tusikimbilie. Chumba cha mbele si cha kumpa yeyote anayepita. Dirisha la kulia, ukilifungua alasiri, bado upepo unaingia moja kwa moja? Au wameshajenga mbele? Nijibu hilo.

Mjomba wako,
Vuai Makame


Kikwajuni
15 Desemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Barua yako imekaa njiani mpaka nikaikatia tamaa. Vuli imekuja, ndoo tatu ukumbini kwetu na sufuria moja chumbani kwa Mama. Mama anasema ile ya chumbani ina sauti nzuri.

Mwalimu kachoka kungoja, kapata pahala Jang'ombe.

Ushauri wako nimeufuata. Picha nimeshapiga. Na mpangaji mwingine nimempata, Bi Zuwena, anaoka keki za harusi. Mwenye nyumba wake wa sasa kamsifu, sikumsikiliza. Nimekwenda mpaka Magomeni kumtafuta wa kabla yake, kanambia hajawahi kumdai, na alipohama alipaka chumba rangi kwa mkono wake. Nikampelekea sahani ya mihogo. Imerudi na keki ya iliki. Mama kaila yote mwenyewe, kasema Bi Zuwena asipohamia hapa, yeye atahama amfuate.

Mjomba, hakubaki cha kuchunguza. Sasa nipe neno, ndiyo au hapana. Barua yako ya kurasa nne nimeisoma nikitafuta ridhaa, nimekuta samaki. Nilipomsomea Mama kacheka, kasema, "Vuai tangu mdogo, ukimuuliza kala nini, atakwambia jirani kapika nini."

Dirisha la kulia halijajengewa. Upepo unaingia.

Juzi nilikupigia simu ya picha, ukakata. Nikapiga tena, ukakata tena. Kuna nini?

Thuwaiba


Stratford, London
26 Januari 2025

Mpwa wangu Thuwaiba,

Salamu nyingi kuliko abiria wa steshini ninakofanya kazi. Afya yangu imezidi. Daktari kanipima presha, mashine ikapiga saluti. Simu ya picha usinune, ni hii simu yangu, kamera yake imeingia mvuke, ukinipigia utaona wingu tu.

Nakuandikia kutoka ofisini kwangu. Nimejifungulia ofisi hapahapa nyumbani, juu, ndogo lakini ya kazi. Kila kitu mkono unafika. Nikinyoosha mguu nafungua mlango, nikiinua kichwa nazima taa. Ukumbi nimewapa akina Anselme, maana mkewe kafika na mtoto mchanga, na chumba chao kile cha nyuma mtu hageuki. Utamwambia nini mtu na mtoto? Wamepata ukumbi na chumba. Kibet yuko kwake juu. Nyumba imejaa baraka, boila ya kupasha nyumba moto inafanya kazi mpaka paka wa mtaa mzima wamehamia juu ya paa langu, theluji ikianguka kwangu inaomba radhi.

Keki ni biashara nzuri, lakini fikiri kama mwenye nyumba. Oveni inakula umeme. Mtu wa namna hiyo mfungie mita yake ya tukuza, ya kulipia kabla, ya peke yake, kabla hajaingia, usije ukakaa unagawana uniti na mtu anayeoka harusi tatu kwa wiki. Oveni ina mvuke, na mvuke ndio mama wa ukungu. Hapa nilikuwa na mpangaji mmoja hafungui dirisha miezi ya baridi, anapika na kuoga amejifungia. Nilipoingia, mchicha umeota bafuni. Sikwambii ukungu, nakwambia mchicha, umefika magotini. Tuliula siku mbili. Kwa hiyo kwenye mkataba andika dirisha litafunguliwa kila siku.

Na ukitaka kuingia chumbani kwake kukagua, mwambie jana yake. Nyumba ni yako lakini pumzi ni yake. Hapa ni sheria, huko iwe adabu. Kitu kikiharibika tengeneza wiki hiyohiyo, kidogo kikiwa kidogo. Mpangaji akikwambia bomba linadondosha mara tatu hujafanya kitu, hatakwambia mara ya nne, ataanza kukukatia kodi moyoni. Tena usije ukamng'olea mtu mlango kama wanavyofanya baadhi ya wenye nyumba huko bara akichelewa kulipa. Kuna mtu wetu mmoja hapa alijaribu. Kaung'oa mlango, kauegemeza ukutani, kangoja mpangaji alie. Waliokuja ni polisi. Wakamkabidhi bisibisi akaurudisha mwenyewe, wao wanashika taa, kisha wakaondoka naye.

Mimi nao hao wa serikali tunajuana. Juzi kaja mama mmoja wa kaunsili na kipimo cha mwanga, unakibonyeza kinakwambia chumba kina ukubwa gani. Ni hivi, mwenye nyumba ukikaa na wapangaji wawili hapana neno. Wa tatu akiingia, nyumba inataka leseni, na leseni ina masharti, mlango wa kuzuia moto, king'ora cha moshi kila ghorofa, cheti cha gesi cha kila mwaka. Mimi vyote ninavyo. Akapima chumba cha Kibet, sawa. Akapima ukumbi, sawa. Akafika ofisini kwangu, kipimo kikalia.

"Hapa analala nani?"

"Hapa ni ofisi."

"Naona mto."

"Wa kuegemea."

Akasema chumba kidogo namna hii sheria haimruhusu mtu mzima kulala, na akimkuta mtu, leseni hatoi. Akanitazama. "Na wewe Mista Vuai, unalala wapi?"

Nikamcheka. Nikamwambia, "Mama, mwenye nyumba halali."

Na yeye akacheka! Akaandika, akaondoka. Ndivyo wanavyoshughulikiwa watu hawa.

Kuhusu Bi Zuwena sisemi hapana. Nasema tungoje kidogo. Barua hii anakuja nayo Pravin, anatembea huko Februari. Mpeni kahawa, lakini maneno yake msiyashike sana, anazidisha.

Mjomba wako wa London,
Vuai Makame


Kikwajuni
4 Machi 2025

Mjomba,

Ramadhani njema. Tumeanza kufunga Jumapili. Mama kafunga pia, nimemkataza kwa ajili ya dawa, hasikii.

Pravin kafika, barua katukabidhi, kakaa barazani na kahawa. Nikamuuliza, "Mzee Pravin, Mjomba hajambo?"

"Hajambo sana."

"Nyumba yake?"

"Nzuri. Imejaa."

"Na yeye mwenyewe anakaa chumba gani?"

Akaitazama kahawa. "Kahawa yenu bado mnatia tangawizi, eh?"

Mama akamwambia, "Pravin, kahawa haikuulizwa."

Akacheka, akasugua magoti, halafu akasema, "Dada, mimi nina nyumba tatu na kila mpangaji wangu nimeshagombana naye angalau mara moja. Vuai hajawahi kumfukuza hata paka." Basi. Baada ya hapo alizungumza habari za bei ya karafuu mpaka akaondoka. Kama huko ndiko kuzidisha, basi kazidisha kwa kunyamaza.

Usiku huo Mama kala, kanawa. Kisha kanituma kuchukua ufunguo wa chumba cha mbele, kautia kwenye kanga yake, kafunga fundo.

Mjomba, mimi sikiulizi tena chumba cha mbele. Lakini bati haziningoji. Mvua ya wiki iliyopita haikuwa hata masika, na kipande cha dari kimeanguka pale Mama anapowekea miguu. Nimeamua hivi. Bi Zuwena nitampa chumba changu mimi. Kimo upande wa Mama, sheha hana neno. Atalipa kwanza, tuezeke, ndipo aingie baada ya Idi. Mimi nitalala chini chumbani kwa Mama. Vitu vyangu si vingi. Kwani wewe si umesema mwenyewe, mwenye nyumba akilala chumba kizuri anakula faida yake?

Cha mbele kitakaa kilivyo.

Thuwaiba


Lewisham, London
13 Aprili 2025

Thuwaiba,

Idi mubarak, ijapokuwa imeshapita. Salamu kwa dada. Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu ilikwenda Stratford na mimi niko Lewisham, kwa Tom, tulifanya naye kazi steshini. Mtaa mzuri, soko hapohapo, mihogo ipo. Kuna mambo ya nyumba nayachunguza upande huu.

Natumai hujatoka chumbani mwako. Kama umetoka, rudi. Kama Bi Zuwena kashaingia, mwambie mjomba kakataa, nitupie mimi lawama, ziko nyingi huku, moja haitaonekana.

Chumba unacholala usikipangishe. Wala kwa mwezi, wala kwa wiki, wala kwa mtu mwema. Hasa kwa mtu mwema. Mtu mbaya ungemwambia toka. Mwema akikushukuru mara ya kwanza, unaona fahari. Mara ya pili unajibana kidogo, unasema mimi mmoja tu nina haja gani. Halafu anakuja mtu na kipimo chake, anahesabu vichwa, anakwambia hapa kuna mmoja kazidi, achague mwenye nyumba nani aondoke. Nikamtazama Anselme, mtoto ndiyo kwanza kaanza kukaa. Nikamtazama Kibet, ana mitihani. Tumefuturu sahani moja na wote hao. Nikaona wa kuondoka ni yupi. Sikufukuzwa, usije ukamwambia mtu nimefukuzwa. Niliwaambia nimepata kazi upande wa Lewisham, Kibet kanibebea begi mpaka steshini na anataka nimpigie nikifika.

Ile habari kwamba mwenye nyumba halali, nilimwambia yule mama kwa kumchekesha.

Nilikuwa nakiweka kile cha mbele. Nilidhani mwaka mmoja zaidi, mkopo upungue, nije. Sikutaka kukuandikia kwa sababu ningekuandikia ungenipa, na dari ingemshukia dada. Basi ikawa sisemi, na dari inashuka vilevile.

Haya, chukua, hii mpelekee sheha:

Mimi Vuai Makame, mrithi wa upande wa mbele wa nyumba ya Kikwajuni, nimeridhia kwa moyo wangu chumba cha mbele kipangishwe kwa Bi Zuwena kwa mwaka mmoja, na kodi yote itumike kuezekea upande wa uani. Saini yangu hii hapa chini.

Nunua bati za geji 28, usikubali nyembamba, na misumari ya kichwa cha mpira. Simama chini ya fundi wakati anapiga. Fundi akitazamwa hapindishi.

Vuai Makame


Kikwajuni
18 Mei 2025

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi sijambo. Sikuwa nimetoka chumbani mwangu. Bi Zuwena alikuwa tayari kungoja mpaka Idi nyingine, ana subira kuliko sisi sote.

Barua yako nimemsomea Mama mara moja. Nilipofika pale pa begi na steshini akaniambia nisimame hapo, akaingia chooni, akakaa. Alipotoka akafungua fundo la kanga akanipa ufunguo. Kasema, "Kaandike mkataba."

Sheha kapiga muhuri. Bati geji 28, misumari ya mpira, na nilisimama chini ya fundi mpaka akaniuliza kama mimi ni mkaguzi wa serikali. Masika sasa yanapiga kwelikweli, mtaa wa chini maji yamefika barazani, na Mama analala. Mita ya Bi Zuwena ni yake peke yake. Dirisha anafungua.

Jambo moja nimekukaidi. Wewe umeandika mwaka, mimi nimeandika miezi sita. Bi Zuwena kaniuliza kwa nini. Nikamwambia, "Chumba kina mwenyewe, yuko safarini." Hakuuliza zaidi, kasema dada yake ana chumba Mpendae kitakuwa wazi mwisho wa mwaka, na atatuletea keki hata akihama. Bati zilizopungua kwa kukosa kodi ya hiyo nusu nyingine, Mama kazinunua kwa kuuza ile cherehani yake ya miguu. Mwenyewe anasema ilikuwa inamtazama vibaya.

Sikuulizi unakuja lini. Mkataba unakwisha Novemba, basi.

Fundi wa vitanda wa Mwanakwerekwe anataka vipimo mapema, mbao za mninga zinachelewa kukauka. Anauliza ni futi tano kwa sita au sita kwa sita. Nimemwambia angoje nimuulize mwenye kulala.

Mpwa wako,
Thuwaiba


Lewisham, London
8 Juni 2025

Mpwa wangu Thuwaiba,

Waalaykum salaam, na Idi njema ya kuchinja. Tuliisali hapa uwanjani, imamu alipotaka kuanza akaniangalia kwanza mimi kama nimeshapanga safu. Tom ni Mkristo, lakini nyama kala kuliko waliosali.

Leseni imetoka. Pravin atanishikia nyumba, kwa asilimia ndogo, tumeandikiana, mashahidi wawili, hapana kusema sisi watoto wa mji mmoja. Anselme na mkewe wanabaki, Kibet kafaulu. Kodi yao italipa benki, na kinachobaki kitakuwa kidogo, lakini huko kwetu kidogo kina tabia nzuri. Steshini nimewaandikia barua ya kuacha kazi. Meneja kasoma, kavua miwani, kasema Stratford haitakuwa ile. Hilo sikuzidisha. Au nimezidisha kidogo.

Mwambie dada ile cherehani asingeuza. Halafu usimwambie, atanijibu.

Miezi sita uliyoandika ni kosa kibiashara, na mimi kama mshauri wako nalikataa. Kama mpangaji, sina neno.

Kitanda nimekifikiria sana. Sita kwa sita ni cha watu wenye kugeuka. Mwambie fundi futi nne. Zaidi ya hapo nitapotea.

Mjomba wako,
Vuai